Maji ya Uti wa Mgongo

"Imevuja," mpimaji wa maabara alisema, hata kabla ya kusoma kilichoandikwa kwenye chupa.

Mwanamume aliyeileta alikuwa amekuja mbio kutoka wodi ya watoto, vifungo vya shati vimekwenda kombo, vidole vimelowa. "Dada, nimeambiwa niwahi..."

"Iliyovuja haipokelewi." Akaitumbukiza kwenye ndoo ya dawa ya kuua vijidudu. "Kanawe kwa sabuni, halafu mlete nyingine."

Wenzake walimwita Madamu Sheria, na jina hilo hakulichukia. Mwenzake wa meza ya pili alipata kifua kikuu baada ya kushikashika makopo ya makohozi yaliyovuja, akarudi kazini amebaki mifupa. Ndipo yeye akapigania sheria ile mpaka ikapita. Tangu hapo hakuna aliyeugua.

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa watoto. "Yale maji ya mgongo yamefika?"

Akaigeukia ndoo. "Yalikuwa ya mgongo?"

"Ya kichanga! Nimehangaika kuyapata. Usiniambie umeyamwaga. Kitu kisichopatikana tena kirahisi, unapiga simu kwanza. Si uliandika mwenyewe kwenye ile sheria?"

Aliandika mwenyewe. Lakini alipoona vile vidole vilivyolowa, aliogopa, na woga ukajivika sheria.

Akavua koti, akaenda wodini, akaomba yeye amshike mtoto daktari akimchoma tena. Akamkunja taratibu, magoti yakagusa kidevu, mgongo mdogo ukajitokeza. Sindano ilipoingia, kilio kilimpasukia kifuani pake. Nje ya pazia mama wa mtoto alikuwa ameziba masikio.

"Nisamehe, dada," baba alisema kwa sauti ya chini. "Sikukaza kifuniko. Nimemtesa mwanangu."

"Hapana, kaka. Ningeuliza kwanza, asingechomwa tena. Kosa ni langu."

"Aa, wewe ulikuwa unatulinda."

Afadhali angemtukana. Aliinamisha uso, akajifanya anamfuta mtoto jasho.

Safari hii aliibeba chupa mwenyewe, imekazwa, ndani ya mfuko. Matone machache, yenye ukungu kidogo. Baba alitangulia korido nzima akimfungulia milango, akiwasogeza watu kwa mikono miwili.

"Mpisheni daktari! Jamani, mpisheni daktari!"

Hakuwa daktari. Watu wakajibana ukutani wakimtazama kwa heshima, naye akapita katikati yao, macho sakafuni.