Upau wa Galaksi Yangu

Picha ilikuwa inashuka kwenye kompyuta kwa mwendo wa kinyonga. Watahini walikwisha kufika, nawasikia chumba cha pili wakigonganisha vikombe, na mimi nimekaa roho juu juu nikisubiri kujua kama nina tasnifu au nina karatasi za kufungia sabuni.

Galaksi yangu ni bapa kama sahani. Haina ile mikono ya kujizungusha ya galaksi za kwenye kalenda. Inaishi ndani ya kundi la galaksi zilizobanana, na msongamano huo umeipokonya gesi hata haizai nyota tena. Lakini katikati imekatizwa na upau, yaani mstari mnene wa nyota, mrefu ajabu. Miaka yote hii nimeandika kuhusu upau huo, na niseme ukweli, nilishaupenda.

Jana mwenzangu wa ofisini aliinama begani kwangu. Tunamwita Kifutio, maana hakuna matokeo ya mtu yanayopona mbele yake.

"Dada, mbona picha umeikata hapa juu?"

"Kulikuwa na nyota kali, inaharibu sura."

"Hebu irudishe."

Nikairudisha. Nyota ilikaa juu ya galaksi, na upau umeielekea sawasawa. Nyota ikiwa kali mno, mwanga wake hufurika ndani ya kamera na kuchora mstari. Huenda upau wangu wote ulikuwa mstari huo tu. Nilimpigia fundi wa darubini nikamsihi aizungushe kamera robo mzunguko, apige tena. Mstari wa nyota ungehama. Upau wa kweli ungebaki palepale.

Leo, picha ikiwa bado inashuka, mama alichungulia mlangoni, kavaa nguo zake za kwendea harusini. "Mwanangu, mbona umesawajika? Wanakuita."

"Naja, mama."

Picha ikafunguka. Mstari wa nyota ulikuwa umehamia pembeni, mbali kabisa na galaksi. Nikaikuza sehemu ya katikati. Upau ulikuwapo, ila nusu tu ya ule wangu. Nusu nyingine ilikuwa mwanga wa ile nyota kali. Sura nzima ya tatu ya tasnifu, inayoeleza kwa nini upau ni mrefu hivyo, ilikuwa imekwenda na maji.

"Hicho kitu chako kipo au hakipo?" mama aliuliza.

"Kipo, mama. Ila kifupi."

"Kifupi si kipo?"

Mama alipotoka, Kifutio, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliufunga mlango polepole. Sikuwahi kumwona na huruma, na ilinitisha. "Hii tumeiona sisi tu," alisema. "Leo tetea kilichoandikwa. Utarekebisha baadaye."

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka, na mama yangu yuko nje na maua.

Nikaingia. Nikaiweka picha mpya mbele ya zote. Mtahini mkuu alifunua kurasa za tasnifu, akarudi nyuma, akavua miwani.

"Hii siioni humu."

"Haimo," nikasema. "Naomba tuanze na nilipokosea."