Kisanduku cha Idadi

Kisanduku cha idadi kwenye fomu ya Wayua kilikuwa kitupu. Ngina alipitisha kalamu juu yake mara mbili, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo. Kupiga hema: vizuri. Kuzima moto: vizuri sana. Lakini palipotakiwa hesabu ya kila saa ya watoto kumi na wanne wa kambi hii ya mafunzo, Wayua hakuwa ameandika hata tarakimu moja tangu asubuhi.

Ngina alifundisha hisabati mjini Machakos, na kwa miaka sita alikuwa akiwapima watu wazima waliotaka kibali cha kuwalaza watoto kambini. Hakupenda kumwangusha mtu, wala hakuogopa. Ila safari hii alijua nani angeumia. Huko Masii wasichana tisa wa parokia walikuwa wakisubiri kambi ya Agosti, na kanuni haikuruhusu wasichana walale nje bila mwanamke mwenye kibali. Aliyejitokeza ni mmoja tu: Wayua, mkulima wa miaka hamsini na minane, aliyepanda milima ya Iveti kuja mafunzoni na jembe lake mwenyewe.

Alimwita pembeni, akamuuliza. Wayua alijifuta mikono kwenye leso, akaeleza bila haya kwamba kwao watoto huitwa majina, hawahesabiwi; hesabu huleta mkosi. Mama mkwe alimkanya hivyo alipojifungua kifungua mimba wake. Hata karani wa sensa alipokuja, Wayua alimpangia viatu vya watoto mlangoni, akamwambia ahesabu hivyo.

"Na akakubali?"

"Alikunywa chai, akaandika."

Mulwa, fundi wa mabomba kutoka Mumbuni aliyepangwa pamoja na Wayua, alicheka akikoroga uji. "Mwalimu, hesabu ya huyu mama niko nayo mimi. Hao watoto nimewahesabu mpaka naota kumi na wanne."

Ngina alimjibu kwamba kibali hakitolewi kwa jozi.

Lilibaki jaribio moja, lisilotangazwa. Saa kumi jioni, mara tu Mulwa alipomaliza kuhesabu, Ngina alimshika mkono Tracy, msichana wa miaka tisa, akaingia naye katika stoo ya kanisa kukunja mablanketi. Akatazama saa. Kanuni ilitoa dakika kumi za kugundua kwamba mtoto hayupo.

Dakika ya tatu haijaisha, mlango ukagongwa. Wayua alikuwa amesimama na kikombe.

"Uji wa Tracy unapoa," alisema. "Sijautia sukari. Ako na jino linamsumbua."

Ngina hakuwa na habari za jino. Alimwomba Tracy afungue mdomo. Gego la chini lilikuwa limetoboka.

Mtoto alipokwenda kunywa uji wake, Ngina alifunga mlango. "Mama, fomu tupu siwezi kuitia sahihi. Siku moja utakuwa na watoto thelathini kando ya mto. Lazima mtu aweze kuuliza ni wangapi, na wewe ujibu."

Wayua alilikunja blanketi lililobaki. Wasichana tisa walikuwa wakimngoja, na mama mkwe alikuwa kaburini.

"Vikombe naweza kuhesabu," alisema hatimaye. "Kila mtoto na chake, kimeandikwa jina. Usiku nihesabu viatu, mlango wa hema."

"Kila saa?"

"Kila saa, mwalimu. Na mwenyewe nimuone uso."

Ngina aliisoma kanuni upya, neno kwa neno. Ilitaka idadi ithibitishwe na kuandikwa. Haikusema kidole kielekezwe wapi. Akamkabidhi kalamu.

Asubuhi iliyofuata visanduku vyote vya tangu jioni vilikuwa vimejaa, kwa mwandiko wa taratibu, uliokandamiza karatasi. Ngina alivikagua kimoja kimoja, kisha akatia sahihi. Wayua aliikunja nakala yake mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso. Wakashika ncha za hema, huyu huku na yule kule, wakaanza kulikunja.

"Na wako, mwalimu," Wayua aliuliza, "wanaitwa nani?"

Watu humuuliza Ngina ana watoto wangapi. Tangu walipomzika Wendy miaka mitatu iliyopita, hujibu wawili. Ndilo jibu sahihi, na kila mara akilitoa huona kama amefuta kitu kwa mkono wake mwenyewe.

"Muema," alisema. "Na Ndunda."

Hema lilikuwa limebaki upana wa mkeka. Walikuwa wamekaribiana.

"Na Wendy."

Wayua aliyarudia majina hayo polepole, moja baada ya jingine, bila kuuliza lolote, kisha akapokea ncha ya hema kutoka mikononi mwa Ngina.