Tochi ya Baba Pacha

Kilichoanza kumuudhi Mama Pacha hakikuwa tochi. Tochi yenyewe ilikuwa kidude tu, cheusi, kinene kama kidole gumba, chenye kibanio cha kukishikiza mfukoni. Kilichomuudhi kilikuwa “yule dada”.

“Yule dada wa dukani anasema tochi ya kazi iwe ya kukaa mwilini, siyo ya kuacha kwenye begi,” mumewe alisema jioni aliyokuja nayo. Kesho yake akasema, “Yule dada anasema kioo chake kisifutwe kwa shati, kitachubuka.” Na wiki ilipoelekea kwisha yule dada alikuwa amekwisha kusema mengi kiasi kwamba Mama Pacha alihisi amehamia kwao.

“Yule dada hana jina?” akauliza, mkasi mkononi.

“Sijamuuliza,” Baba Pacha akajibu, akaendelea kuipangusa tochi kwa kipande cha kitambaa alichokiokota kwenye mabaki ya mapazia.

Mama Pacha alikuwa mshonaji wa mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa mpaka dirishani. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, anazunguka majengo marefu ya mjini kutwa nzima na kurudi ananuka grisi. Katika miaka yote ya ndoa yao Mama Pacha hakuwahi kumwona akipangusa kitu. Mkasi wake mzuri wa kukatia hariri aliwahi kuutumia kukata waya, akaurudisha mezani kama hajafanya neno. Leo mtu huyohuyo analala na tochi kando ya mto, na akiamka asubuhi anaipapasa kwanza.

Wivu ungeweza kuishia hapo, ukapoa wenyewe. Lakini wifi yake alikuja kuchukua mapazia yake.

“Wifi yangu, mimi si mtu wa maneno,” alianza, huku akijiweka sawa kitini kama mtu aliyekuja na maneno kapu zima. “Kaka yangu namjua, ni mtu mzuri. Lakini lile duka la vifaa vya umeme, pale kwenye kona ya benki, anakaa sana.”

“Ananunua vifaa.”

“Vifaa vinanunuliwa kwa kusimama, wifi. Yeye nimemkuta amekaa. Ndani, nyuma ya kaunta. Anakunywa chai.”

Mama Pacha akakunja mapazia, akayafunga kwa kamba, akayakaza mpaka wifi akamwambia asiyakate. Alipobaki peke yake alishona mshono mmoja mara mbili bila kujua. Chai! Nyumbani alikuwa akimwekea chai inapoa, anasema hana hamu.

Asubuhi iliyofuata, wanawe walipokwenda shule, alivaa gauni la bluu, akapaka wanja, akaufuta, akaupaka tena. Njiani aliiandaa sura ya huyo mwanamke: kijana, kucha ndefu, sauti ya kubembeleza. Aliandaa na maneno ya kumwambia.

Alichokikuta kilimvuruga. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa rika lake, mikono ya blauzi imekunjwa mpaka kwenye viwiko, penseli imechomekwa nyweleni. Hakuwa mrembo wa kutisha. Alikuwa na uso mchangamfu, basi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mrembo mtu anajua namna ya kumchukia.

“Karibu, mama. Nikusaidie nini?”

“Nataka tochi,” Mama Pacha akasema, kwa kuwa maneno aliyoyaandaa yalikuwa yamemtoroka.

“Ya kukaa wapi?”

“Kukaa wapi vipi? Nyumbani.”

“Nyumbani ni pakubwa. Ukutani, kabatini, au uwe nayo mwenyewe?”

Mama Pacha akanyoosha kidole kwenye tochi kubwa kuliko zote, inayong’aa kama birika jipya. Muuzaji akaishusha, akampa. Ilikuwa nzito.

“Nzuri kwa macho,” muuzaji akasema. “Lakini hii utaiweka kabatini, na siku ya tatizo wewe utakuwa sokoni au kwenye ngazi, tochi iko kabatini. Ya dharura ni ile uliyonayo.” Akavuta droo na kutoa tochi ndogo tatu. Ya kwanza aliiinua mpaka usawa wa sikio, akaiachia. Ikadunda kwenye sakafu ya saruji, ikabingirika hadi mlangoni. Akaifuata, akaiwasha. Ikawaka. “Mwili wa alumini, umechongwa kipande kimoja. Sasa hii.” Ya pili akaitumbukiza kwenye ndoo ya kufanyia usafi, ikawaka humohumo ndani ya maji machafu. “Ina mpira hapa kifuniko kinapokazwa, maji hayapiti. Ukiona haina mpira huo, usichukue hata ukipewa bure.”

“Na mwanga?”

“Kila mtu anauliza mwanga. Mwanga mkali unakula betri. Muhimu iwe na mwanga mdogo, wa kukaa nao hata kutwa ukingoja watu wakutoe.” Akaigeuza ile ya tatu. “Na swichi iwe mkiani, kubwa, ngumu kidogo. Uipate kwa kidole gumba bila kutazama. Laini sana itajiwasha kwenye mkoba, siku unaitaka imekwisha.”

“Ya kuchaji au ya betri?”

“Hii inakula zote mbili. Umeme ukikatika siku nzima utaichaji wapi? Unatia betri ya kawaida, maisha yanaendelea.”

Mama Pacha aliishika ile tochi ya tatu. Ilikuwa ileile ya mumewe, mpaka kibanio. Damu ikampanda. Alijua sasa jinsi Baba Pacha alivyosimama hapahapa, akaelezwa hivihivi, na sauti hii. Na ubaya ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza kwa raha.

“Hii wateja wanaipenda?” akauliza polepole.

“Nina mteja mmoja fundi wa lifti, hiyo imekuwa kama mtoto wake.” Muuzaji akacheka, kisha kicheko kikafifia. “Lakini ana sababu, maskini. Alikuwa na tochi kubwa kama ile uliyoishika. Akashuka nayo kwenye shimo la lifti, chini kabisa ya jengo, ikamponyoka ikaingia kwenye maji, ikazimika. Giza totoro. Mwenzake juu akadhani ametoka, akawasha mtambo. Lifti ikashuka.”

Mama Pacha alishika ukingo wa kaunta.

“Akalala kifudifudi. Ikasimama juu yake, karibu hivi.” Muuzaji akaonyesha kwa mkono. “Alikuja hapa moja kwa moja kununua tochi, hata kikombe cha chai nilichompa hakuweza kukishika. Nikamwambia akae. Mpaka leo akipita hukaa kidogo. Nadhani anapumzika.”

“Alilia?”

“Mama, angeacha kulia?”

“Na mkewe anajua?”

“Anasema hapana. Anasema mkewe akisikia hatamruhusu kurudi kazini.”

Mama Pacha alilipa, akatoka bila kuaga. Barabarani watu walimpisha. Kama angemkuta mumewe amemshika mwanamke yule mkono, angejua la kufanya. Angepiga kelele, wifi angekuja, mambo yangekwenda yanavyokwendaga. Lakini huyu amempa mwanamke mwingine kilio chake. Kilio! Yeye aliyezaa naye watoto wawili kwa mkupuo hajawahi kuliona chozi lake hata msibani kwa baba yake.

Baba Pacha aliporudi, jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa na watoto wanacheza mpira nje. Alikuta kwenye meza ya kukatia tochi ndogo nyeusi. Akashika mfuko wa ovaroli haraka. Yake ilikuwepo. Akatazama tena mezani.

“Umeitoa wapi?”

“Kwa yule dada,” Mama Pacha akasema. “Anakusalimu. Anasema ulilala kifudifudi.”

Baba Pacha akaketi na ovaroli yake ya grisi juu ya robota la kitambaa cheupe, na mkewe akamwacha akae.

“Ningekuambia wewe usingelala,” mumewe akasema.

“Na hivi nimelala? Nimekesha nikihesabu chai unazokunywa kwa watu!”

“Chai? Kwani ulidhani...” Akalitazama gauni la bluu, akautazama wanja. Kidogo acheke, akaona si wakati wake. “Mama Pacha. Pale nilikaa kwa sababu miguu ilikataa. Basi. Nikazoea.”

“Miguu ikataage hapa. Hapa hakuna viti? Machozi umepeleka dukani, mimi umeniletea ovaroli nifue.”

Nje watoto wakashangilia goli. Halafu Baba Pacha akaanza kusimulia, taratibu, akitazama mikono yake: maji chini ya shimo, tochi ilivyozama, alivyopapasa ukuta akitafuta swichi ya kuzimia mtambo na kuikosa, mlio wa nyaya.

“Hilo la nyaya ulimwambia?” Mama Pacha akakatiza.

“Nilimwambia.”

“Endelea.”

Akaendelea. Alivyopiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hilo pia dada alikuwa ameambiwa. Harufu ya grisi iliyokuwa usoni pake. Hilo hakukumbuka kama alimwambia. Kisha akasita, akashusha sauti kana kwamba watoto walikuwa mlangoni.

“Ile ovaroli niliyokuletea imelowa, ukanigombeza kwamba nimeitia kwenye kapu mbichi. Nikasema maji ya shimoni.”

“Ee.”

“Hayakuwa ya shimoni yote.”

Mama Pacha alielewa. Aliona jinsi masikio ya mumewe yalivyoiva kwa aibu.

“Hilo ulimwambia?”

“Wewe una wazimu? Nani anaambiwa kitu kama hicho?”

Furaha iliyompata Mama Pacha wakati ule hakuweza kuisimulia kwa mtu yeyote, maana haikuwa furaha ya heshima. Alimwonea huruma mumewe, na papo hapo, pembeni ya huruma hiyo, kitu kidogo kilikuwa kinashangilia kwamba dada wa dukani hakukipata hiki. Akasogea, akaketi naye juu ya kitambaa cheupe ambacho sasa kilikuwa kimeharibika kabisa, akamshika mkono wenye grisi.

Hakumzuia kwenda kazini. Alimwambia tu, bila kupepesa macho, kwamba hatashuka tena shimoni kabla hajazima mtambo na kufunga swichi yake kwa kufuli na ufunguo kuutia mfukoni mwake, na kwamba asipomwambia mkuu wake wa kazi, yeye mwenyewe atakwenda na mkasi. Baba Pacha alikwenda akamwambia. Mkuu wa kazi alinung’unika kuhusu muda unaopotea, halafu akanunua makufuli kwa mafundi wote.

Na wivu? Haukuisha, isipokuwa ulipungua makali. Mama Pacha akipita kwenye kona ya benki alimsalimu yule dada kwa adabu, akatupa jicho ndani kuona nani amekaa. Wifi alipokuja tena na habari zake, alijibiwa kwamba hizo ni za zamani.

Siku hizi Baba Pacha akifika nyumbani anaanza kusimulia hata kabla hajavua viatu: boliti iliyokataa kufunguka, mlango wa ghorofa ya juu unaosaga, bibi mmoja aliyempa ndizi. Mara nyingi si habari za maana. Mama Pacha hupiga miayo nyuma ya cherehani, akauliza, “Halafu?”