Kanzu Isiyoshika Vumbi

Siku ya harusi ya binamu yake, Hatibu, mkaguzi wa pamba mjini Shinyanga, alipiga pasi kanzu yake mwenyewe. Alipuliza makaa, akanyunyiza maji kwa vidole, akakandamiza mikunjo mpaka kanzu ikanyooka kama karatasi. Mkewe Mwahija alikuwa ametangulia Mhunze, kwenye harusi, kusaidia kupika. Aliyebaki ni Maulidi, mdogo wake Mwahija, ambaye alipanda nyuma ya pikipiki akiwa amepakata bakuli la halua.

Ulikuwa msimu wa kununua pamba, na mvua ilikuwa imesahaulika. Waendesha pikipiki wa barabara ile walikuwa na ujanja wao. Ukilifuata lori kwa mbali, unafika umekuwa mwekundu kama tofali. Ukiliganda mgongoni, karibu kiasi cha kusoma maandishi ya kwenye bodi, unakuwa mahali ambapo vumbi bado halijainuka, na unafika msafi. Ila huoni kilicho mbele.

"Shemeji, tumemkaribia mno huyu mwenye lori," Maulidi alisema.

"Tukikaa nyuma watatuuliza tumetoka kufyatua matofali," Hatibu akajibu, akasogea zaidi.

Ng'ombe walikatiza barabara. Dereva wa lori, Donatus, kijana wa Ushirombo, akafunga breki kama ambavyo dereva yeyote angefunga. Pikipiki ikalivaa lori. Maulidi alirushwa, kichwa kikagonga chuma cha bodi, akafa palepale. Hatibu alitua juu ya gunia la pamba lililodondoka, akainuka bila mchubuko.

Alipofikishwa kwa wenye harusi na Mwahija akaja mbio kutoka kwenye masufuria, mikono ikiwa bado na unga, Hatibu alitafuta neno la kumwambia akapata moja tu. Alisema alikuwa mbali, mbali kabisa, na lori lilirudi nyuma ghafla. Mwahija akamwangukia kifuani akalia. Baada ya hapo neno lile likawa halirudishiki. Alilisema polisi, akalisema mahakamani, na kila alipolisema lilikuja kwa wepesi zaidi kuliko mara iliyotangulia.

"Alikuwa mgongoni kwangu, mheshimiwa," Donatus alisema kizimbani. "Hata kwenye kioo haonekani."

Hakimu akaliangalia shati la dereva lililojaa grisi, akaiangalia kanzu ya mkaguzi wa pamba, nyeupe pepepe. Donatus akafungwa miaka mitatu.

Vumbi lilikuwa limeanza kumwepuka Hatibu tangu mazikoni. Alipochota udongo kumfukia shemeji yake, udongo ulipita kando ya viganja vyake ukarudi ulikotoka. Akachota tena, ukarudi tena. Mzee mmoja alisema udongo wa kiangazi ndivyo ulivyo, akachukua jembe akafukia yeye.

Baadaye halikuwa jambo la udongo wa kaburini tu. Upepo wa mchana ulipovuma kutoka upande wa mnada wa ng'ombe, vumbi lilifika karibu naye, likagawanyika, likaungana tena nyuma yake. Lilimwachia nafasi ya kutosha. Wanawake wa jirani wakaanza kumwomba asimame uwanjani kwao wanapoanika nguo. Wenye harusi walimtaka atembee kando ya bibi harusi. Msikitini walisema Mungu humtukuza amtakaye, na watoto walitumwa wakamwamkie mtu msafi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hatibu ilikuwa ndefu na pana, tena imefagiliwa. Aliona haya. Siku moja alikwenda mnadani ng'ombe walipokwisha kuondoka, akalala chini, akajigaragaza. Vumbi likajisogeza pembeni. Alipoinuka, kanzu ilikuwa na unyasi mmoja begani, na mchunga ng'ombe aliyekuwa akipita akamtolea.

Mwaka uliofuata, pamba ilipokuwa inanunuliwa tena, Tereza, mama yake Donatus, alikuja juu ya lori kutoka Ushirombo. Alikuwa mwekundu kuanzia kilemba hadi nyayo. Hatibu alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipoisogelea baraza, vumbi likamdondoka, likajikusanya pembeni, na kitenge chake kikaonyesha maua yaliyochujuka. Tereza akalitazama, akaomba maji ya kunywa.

"Mimi mambo ya mahakama siyajui," alisema. "Lakini umeniona nilivyofika. Wewe siku ile ulikuwa mbali na lori la mwanangu. Ulifika kwa wenye harusi na rangi gani?"

Hatibu akatazama miguu yake, ambayo ilikuwa safi.

"Mweupe," alisema Mwahija, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. "Nilimlilia kifuani. Machozi yangu hayakufanya tope."

Alikuwa anajua. Mwaka mzima aliifua kanzu ile isiyochafuka, akaianika, akaikunja, naye alikuwa anajua. Hatibu alitamani baraza immeze, lakini baraza nayo ilikuwa ya udongo.

"Mama, kesi ilikwisha kuamuliwa," alisema.

Tereza akanywa maji, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Haya. Nitamwambia nimewaona, na ni wazima." Alipofika barabarani, vumbi lake likampanda tena kama lilivyokuwa, naye akasimama kusubiri lori la kurudi.

Jumatatu Hatibu alikwenda kituo cha polisi kusema kweli. Askari wa mlangoni alimwona vumbi likimpisha, akasimama wima, akampigia saluti. Hatibu akaipokea saluti ile, akauliza habari za watoto, akarudi nyumbani.

Ijumaa kulikuwa na kisomo cha kumrehemu Maulidi, nyumba za mbele kidogo tu, mwendo wa miguu. Hatibu alivaa kanzu akamngoja mkewe mlangoni.

"Twende, Mwahija."

"Tangulia."

"Upepo umeanza. Ukiwa karibu nami hutachafuka."

"Najua," alisema Mwahija.

Hatibu akatangulia. Mwahija alisubiri mpaka mumewe alipofika mbali, akashuka barazani, akaanza kumfuata. Hakutembea katika ile nafasi safi, alitembea pale vumbi lilipoanzia, nalo likamvaa kanga, nyusi na midomo. Waliokaa barazani waliwaamkia wote wawili, mweupe kwanza, mwekundu baadaye, na tangu siku hiyo waliwazoea hivyo.

Huko gerezani Donatus alikuwa akiponda mawe.

Hatibu alisikia kandambili za mkewe nyuma yake. Akapunguza mwendo ili amfikie. Mwahija naye akapunguza.