Kijiji Alichokisoma Placide

Parokiani Kensington, Placide alijulikana kwa Kilatini chake. Alisoma seminari Bukavu miaka mitatu kabla vita havijamfukuza, na sasa alikuwa mfagiaji wa kanisa. Lakini vitabu vya zamani vya ubatizo vilipohitaji msomaji, aliitwa yeye.

Mwaka 2017 akaja Mama Irene Melnyk, mwalimu mstaafu. Babu yake alitoka Ukraine kuja mji huu kuchimba dhahabu, watoto wake wakabatizwa hapo parokiani. Jina la kijiji chake, nyumbani kwao hakuna aliyelikumbuka. Placide akafunua kitabu cha mwaka 1909. Jina la babu lilikuwepo. Palipoandikwa kijiji alikotoka palikuwa na doa la maji tu.

"Unaona nini?" mama akauliza.

Padri alikuwa amesimama pembeni, ametoka tu kumsifia. Placide akatupa jicho ukurasa wa pili, kwenye ubatizo wa watu wengine kabisa.

"Lypivka," akasema.

Mama Irene akalia, akambusu mikono.

Mwaka uliofuata akasafiri mpaka huko. Aliporudi, baada ya misa ya Jumapili, watu wakinywa chai, alimwonyesha Placide picha: amepiga magoti kanisani Lypivka, kikongwe mmoja amemkumbatia. Akafungua leso yenye udongo.

"Wamenilaza siku tatu. Wameniita mtoto wao. Bila wewe ningekufa sijui kwetu ni wapi."

Watu wakapiga makofi. Placide uso ulimwaka. Akamwomba waingie ofisini, akafungua kitabu, akaweka kidole kando ya doa.

"Mama, hapa hapasomeki. Hata siku ile hapakusomeka."

Mama akavaa miwani, akatazama, akaivua.

"Kwa nini hukusema hujui?"

"Niliona haya, mama. Nikifagia hakuna anayeniona. Nikisoma wananiita *maître*, bwana mwalimu."

Mama hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alifunga udongo wake, akasema watu wa Lypivka lazima waambiwe, na wa kuwaandikia si yeye bali Placide.

Wiki nzima Placide aliandika na kuchana, maana kila barua iligeuka kujitetea. Mwishowe akaandika mistari minne, akatia sahihi jina lake kamili, akaipeleka kwa mama. Mama aliisoma palepale mlangoni, bila kumkaribisha ndani.

"Itatosha," akasema. "Nitaituma."

Jumapili hiyo Mama Irene alikaa benchi lake la siku zote. Placide alisikiliza misa akiwa amesimama nje, nyuma ya ukuta wa sakristia, na alipoitwa kwenye chai alisema ana kazi.