Mkono Uliobaki

Kiharusi kilipompiga Mama, upande wa kushoto ulikufa na ulimi ukawa mzito, lakini mkono wa kulia ulibaki, na ulibaki na nguvu za watu wawili. Kazi yake ilikuwa moja tu, kung'oa mpira. Mpira wenyewe ulipita puani ukashuka hadi tumboni, na humo ndimo mlimopita uji na dawa, kwa sababu koo lilikuwa limesahau kumeza. Ukitoka, Mama hali. Na kuurudisha si mchezo. Kuna siku alipaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi, nikapiga mayowe hadi jirani wa ghorofa ya juu akashuka na kiatu kimoja.

Kwa hiyo nilimfunga. Sijitetei. Nilichana shuka kuukuu, nikamfunga mkono kwenye ubao wa kitanda, nikatandika godoro langu sakafuni karibu naye. "Nifungue, mwanangu," alikuwa akisema kwa ule ulimi mzito, tena na tena, mpaka mmoja wetu apitiwe na usingizi. Mara nyingi alikuwa yeye.

Muuguzi wa majumbani alikuja asubuhi, mara mbili kwa wiki. Mbele yake nilimwita Sista, akiondoka namwita Bi Usifanye. Usimlaze hivyo, usimharakishe, usimpe uji wa moto. Alikuwa mpole, tena anaijua kazi yake, na Mama alimpenda kiasi cha kuniudhi. Akiingia tu, ule mkono mkorofi unatulia juu ya shuka kama haujawahi kukosa adabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona, maana Sista hajafika hata barabarani, mkono uko puani.

Siku alipoona alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono hakupandisha sauti. Alinivuta jikoni akaniambia kumfunga mgonjwa ni kumtesa, na kwamba njia nyingine zipo. Nikamuuliza zipi. Akasema nimvalishe soksi mkononi. Nikamwambia soksi anaivua kwa meno. Basi nimshikishe kitambaa, nizungumze naye, nikae naye. Hapo nilimchemkia. Nilimwambia nimekaa naye mpaka kazi nimeacha, mpaka marafiki wamechoka kunialika, na kwamba kaka yangu hupiga simu kila Jumapili kuniambia Mungu atanilipa, nami humwomba amwambie Mungu anilipe kwa usingizi.

Hakucheka.

"Nikikuta alama tena, dada, itabidi nitoe taarifa," alisema. "Watamrudisha wodini."

Alijua anaponigusa. Kule wodini Mama alikuwa amenishika nguo kwa mkono huo huo akaniomba, kama anafa, afie nyumbani kwake. Nilimwapia. Katika maisha yangu sijaahidi mambo mengi, na hilo moja nilitaka kulitimiza.

Nikaacha kumfunga. Nilikaa kwenye kiti nimemshika mkono, nikisinzia anang'oa mpira, nikishtuka nakipigia simu kituo cha wauguzi waje waurudishe, na kila simu niliogopa kwamba ndiyo itakayompeleka wodini. Nilimmwagia uji kifuani kwa sababu nililala nimesimama. Siku moja nilimfinya. Nilimfinya mama yangu, kwa makusudi, halafu nikaenda kukaa bafuni na mlango wazi, nikimsikia.

Sista alipokuja nilimwambia. Nilitegemea anifokee, lakini alivuta kiti akakaa, nami nikapata nguvu ya kusema lililobaki.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Sista. Kaa naye siku moja. Nionyeshe hiyo njia, nami nitaifuata."

Sikusema kwa kumkomoa, Mungu ni shahidi wangu. Nilitaka kweli kuonyeshwa.

Akaja siku yake ya mapumziko, amevaa gauni lake la nyumbani, wala hakutaka hata chai. Akanisukuma kwenye chumba cha pili, akafunga mlango. Nililala na viatu.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili na nyumba imetulia. Nilikaa kitandani nikatabasamu peke yangu. Ameweza, nilijiambia. Kumbe inawezekana, ni mimi tu nisiyejua. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa na furaha namna ile.

Nikafungua mlango. Mpira ulikuwa puani, umebandikwa plasta mpya. Mkono wa Mama ulikuwa umefungwa kwenye ubao wa kitanda kwa bendeji, umewekewa pamba chini yake ili usiache alama. Sista alikuwa amekaa na damu kwenye gauni.

"Niligeuka kuchukua maji tu," alisema. "Nikaurudisha, akautoa. Nikaurudisha tena, ukatoka na damu. Mara ya tatu nilipouingiza, nikamfunga. Nisingeweza kumwingizia mara nyingine, dada. Nisingeweza."

Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tele, kuanzia mkuki kwa nguruwe. Hayakutoka. Kumbe muda wote niliomchukia nilikuwa nimemwegemea. Akinikemea, maana yake njia ipo mahali, na siku nikijifunza mambo yatakuwa mepesi. Sasa hapakuwa na wa kunikemea.

"Niambie ipo," nikasema.

"Sijui," akasema. "Tulifundishwa ipo."

Nikamuuliza kama atatoa taarifa. Akaniuliza, ya nani?

Mama aliamka. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akauvuta mkono mara moja, polepole.

"Nifungueni, wanangu," alisema.

Sista akanitazama, nami nikamtazama yeye. Kisha nikavuta kiti kingine, nikakaa upande wa pili wa kitanda, tukamsubiri alale.