Kiazi cha Kahindo

Kahindo alirudi shule akiwa na miaka thelathini na minne, akakaa dawati moja na watoto wa rika la mwanawe, na kama kuna aliyemcheka, basi alicheka akiwa mbali. Sasa ilibaki kazi moja: mashine yake ikubaliwe na majaji wa shule ya ufundi pale Butembo, apate diploma.

Alikuwa amewaeleza vizuri. Roketi hubeba mafuta mengi kuliko mzigo wenyewe, kwa hiyo wako wanaojaribu kuuzungusha mzigo huku chini kwa kasi ya ajabu, kisha kuuachia upande juu. Yeye alijenga mfano mdogo: injini ya pikipiki kuukuu, mkono wa chuma, na kwenye ncha kiazi kutoka mji wa Kirumba kilichoshikwa na ndoano. Ukivuta kebo ya breki, ndoano inafunguka.

Mumewe Malachie, fundi wa magurudumu, ndiye aliyeusawazisha mkono. Aliufanyia kama gurudumu lolote: alifunga kipande kizito cha madini ya risasi upande wa pili wa kiazi hadi mkono ukatulia popote unapouacha. Alijivunia kazi hiyo wiki nzima.

Sasa, mbele ya majaji, injini ikanguruma, mkono ukazunguka laini kabisa. Kahindo akashika kebo, akatazama kiazi, kisha ile risasi upande wa pili. Akazima.

"Madame, juu ya nini unazima?" akauliza Lévi, mkuu wa majaji, aliyekaa hatua tano tu kutoka pale.

"Président, tulipima na kiazi ndani. Ikitoka, buzito inabakia upande moja tu. Mukono itapasula cadre yenye kuishika, vyuma itakuya kwenu."

Malachie, aliyesimama kando ya mashine, akainama. Aibu ilikuwa yake, na mkewe ameitangaza mbele za watu.

"Donc ingefaa nini?"

"Ile risasi nayo itoke saa ileile, iende chini mu muchanga."

"Umeitengeneza?"

"Hapana. Nimeiona sasa hivi."

Lévi akavuta kiti chake nyuma kwanza, kisha akaandika. Wenzake wakanong'ona kwa muda mrefu. Hatimaye akasoma: kurusha, sifuri. Maelezo, vizuri. Usalama, alama zote. Jumla, hamsini na mbili kwa mia.

Hamsini ilitosha kupata diploma. Kahindo akalia mbele yao wote, wala hakujifuta. Malachie akakitoa kiazi kwenye ndoano, akafungua risasi yake mwenyewe, akasema, "Twende nyumbani, fundi."